Uji wa Lishe Ulionikondesha

Kama unakula, maliza kwanza ndipo usome. Nasema hivyo kwa nia njema, maana ugonjwa wangu ulikuwa wa tumbo, na mwanzo nilijaribu kuuandika kistaarabu, nikaona ninachoandika sicho kilichonipata. Kilichonipata kilikuwa kinanuka.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko Mazimbu, Morogoro, njia ya kwenda chuoni, na shule yangu ni ya darasa la saba. Kwa hiyo usitegemee nikueleze ngano inafanya nini ndani ya utumbo. Daktari alinieleza, nikaitikia, na kabla hatujaagana nilishasahau. Ninachoweza kueleza ni kuishi nayo. Tangu nipate nafuu wanakuja watu kibandani, wanajifanya wanatafuta zipu, kisha wanainama: "Fundi, hivi wewe ilikuwaje?" Mmoja alikuwa mwanafunzi wa kike, sketi niliyomshonea mwenyewe ilikuwa inamzunguka kiunoni. Naandika kwa ajili ya hao. Sina hakika kama ni haki yangu, maana wapo walioumwa kuliko mimi. Lakini tukisema tumngoje aliyeumwa zaidi, tutangoja sana.

Ilianza masika. Tunaishi nyumba ya kupanga, vyumba vinatazamana, choo kimoja uani. Masika shimo linajaa maji na harufu inapanda mpaka kwenye mito ya kulalia. Sasa mtu wa kuendesha katika nyumba ya namna hiyo hana siri. Wapangaji wote walijua kandambili zangu zinavyolia zikikimbia. Na nilichokuwa naacha mle ndani, samahani, kilikuwa cha manjano chenye povu na mafuta mafuta juu, hakizami hata umwage ndoo nzima. Nikitoka namkuta mtu anasubiri na kopo lake mkononi. Nilishindwa kumtazama usoni.

"Baba Rehema," jirani mmoja aliniambia, "safari hii likijaa utalinyonya mwenyewe." Wakacheka. Na mimi nikacheka, kisha nikarudi mle mle.

Nikaanza kuzunguka kwenye zahanati. Wa kwanza walisema taifodi, nikachomwa sindano, nikapata ahueni, ikarudi. Wengine wakasema amiba, wakanipa vidonge vyenye uchungu unaobaki kinywani mpaka chai inakuwa kama umelamba sarafu. Wengine vidonda vya tumbo. Halafu taifodi tena. Siwasemi vibaya. Huku kwetu kila tumbo linaanza na taifodi, na mara nyingi kweli huwa ni taifodi. Mimi tu sikuwa miongoni mwa hizo mara nyingi.

Benchi la maabara ndilo lililonichosha kuliko sindano. Mnakaa mmebanana, kila mmoja na kikopo chake amekizungushia karatasi, wote mnajua kilichomo, wote mnatazama ukutani lilipo bango la kunawa mikono. Kikopo kina joto lake. Unakihisi kwenye kiganja kupitia karatasi. Mama mmoja mtu mzima aliyekaa pembeni yangu alinitazama, akasema polepole, "Mwanangu, usikishike kwa mikono miwili. Unaonekana kama unakunywa chai."

Nikakishika kwa mmoja. Nilitaka kutapika na kucheka kwa pamoja.

Mwili wenyewe ulianza kunitia kinyaa. Nilikuwa nikicheua harufu ya yai viza. Kinywani vidonda vidogo vidogo, ulimi mwekundu kama wa mbuzi aliyechinjwa. Mikono na miguu ikapungua ila tumbo likatuna, lina sauti zake. Mteja anasimama nimpime mabega, tumbo langu linaguna, yeye anajifanya hakusikia. Suruali zangu nilizipunguza mwenyewe, ndiyo kazi yangu. Mara ya kwanza nikabana kidogo mishono ya pembeni. Mara ya mwisho mifuko ya nyuma ilikuwa imesogeleana kama macho ya mwenye makengeza.

Mtaani walishanipa ugonjwa waliotaka wao. Nikaenda kuupima nao, sikuwa nao. Naandika hili bila kujitapa, maana ningekuwa nao ningemeza dawa kama wenzangu wengi wanaomeza na wanafanya kazi zao vizuri tu.

Mke wangu Zaituni anakaanga maandazi, anawauzia wanafunzi. Anaamka alfajiri, anakanda, na sisi tuna chumba na sebule, kwa hiyo unga ulikuwa juu ya kabati, juu ya redio, ndani ya shuka. La kwanza, lililotuna vizuri, lilikuwa langu. Ananiletea na chai ya maziwa nikiwa bado sijainuka. Kwa miaka yote hilo ndilo lilikuwa pendo letu, hatuna mambo ya maua. Sasa ile harufu ya mafuta ikawa inanifuata mpaka kwenye nguo za wateja. Asubuhi moja aliinama kunifunika, nikageuza uso.

"Kwa hiyo nanuka," akasema.

"Sijasema unanuka."

"Umeziba pua, Baba Rehema."

"Ni tumbo tu."

"Tumbo halina pua."

Akaondoka na sahani. Kwa haki yake niseme: yeye ndiye alikuwa anafua mashuka, na hakuwahi kuziba pua.

Na angalia desturi yetu ilivyo. Mgonjwa hapelekewi ugali, unaonekana mzito kwake. Anapelekewa mkate, biskuti, tambi laini. Kila aliyekuja kunijulia hali alikuja na mkate. Nikiumwa, wanakuja. Wakija, nazidi. Nikizidi, wanakuja wengi zaidi, na mkate mkubwa zaidi.

Kuliko wote, aliyenipenda zaidi ndiye aliyeniumiza zaidi. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, akanilea dada yake, mama mkubwa Mwanahawa, huko Kinole milimani. Kwetu Waluguru mtu ni wa kwao mama yake, ukoo unaufuata huko na shamba unalipata huko. Kwa hiyo mama mkubwa kwangu si ndugu wa kumtembelea sikukuu. Yeye ndiye nyumbani. Na kule Kinole anajulikana kwa jambo moja: unga wa lishe. Mwanamke akijifungua, uji wake wa kwanza unatoka kwa Mwanahawa. Mtoto akiachishwa ziwa, kwa Mwanahawa. Anachanganya ulezi, mahindi, mchele, soya, karanga na, jambo nililokuja kulijua baadaye, ngano, anaosha, anakausha, anakaanga kidogo, anapeleka mashine, kisha anatia mdalasini wa mti wake mwenyewe.

Aliposikia nimekonda, kila wauza ndizi wa Kinole waliposhuka mjini walikuja na kifurushi changu. Nami nikanywa. Kikombe asubuhi, kikombe jioni, kwa utiifu. Kadiri nilivyonywa lishe ndivyo nilivyokonda, na kadiri nilivyokonda ndivyo alivyozidisha kipimo.

Ramadhani ikaingia. Zaituni akasema mgonjwa hafungi. Nikafunga, sijui kama ilikuwa imani au ubishi. Mchana hakuna wageni wa mkate. Zaituni wateja walimpungua, akapumzisha karai. Daku tulikula wali, na futari ilikuwa magimbi, mihogo, ndizi, na uji wa mchele wenye pilipili manga. Unga wa lishe niliuweka juu ya kabati. Kabla mwezi haujafika mbali, nilikuwa naingia chooni kama watu wengine na kutoka kama watu wengine. Kinachoelea kikaacha kuelea. Nilimshukuru Mungu, na bado namshukuru, ila nilidhani ni saumu yenyewe iliyoniponya.

Siku ya Idi nilikula chapati, nikala maandazi, nikanywa uji wa mama mkubwa ili na yeye apate sehemu yake ya furaha. Nilikuwa nimevaa kanzu nyeupe niliyojishonea. Tulikuwa kwa jirani mtaa wa pili, watu wamekaa mkekani, watoto wanapita kuomba sikukuu. Sitaeleza yote. Nilirudi nyumbani nimejifunga shuka la watu kiunoni, Rehema, binti yangu, anatembea nyuma yangu karibu karibu ili watu wasione. Alikuwa darasa la tano. Hakuna baba anayestahili kukingwa namna ile na mtoto wa darasa la tano.

Zaituni aliiloweka kanzu, akaifua, akaisuuza, akaifua tena. Kisha akakaa kwenye ndoo aliyoifunika, akasema, "Hii si taifodi. Taifodi haijui kalenda."

Ndipo tukaenda hospitali kubwa. Daktari alikuwa binti kijana, si mtu wa huku. Hakuniuliza naumwa nini. Aliniuliza Ramadhani nilikula nini, na Idi nikala nini. Nikamtajia. Akaandika, akanituma kupima damu, kisha nikapelekwa Dar es Salaam kupigwa kamera ya tumbo.

Kamera ile ni mpira mweusi, na unaumeza. Wanakupulizia dawa chungu kooni, koo linakufa ganzi, unadhani umesahau kumeza mate. Wanakulaza ubavu, wanakuwekea kitu mdomoni usiung'ate, halafu wanausukuma. Nilikuwa nausikia unapita. Mate yalitiririka shavuni yakaingia sikioni, tumbo likawa linataka kuutoa na wao wanataka uingie, na mimi niko katikati nimekodoa macho kwa muuguzi. Yule muuguzi alinishika kidole kimoja tu, kidole cha shahada, mpaka mwisho. Sijui jina lake. Ukiambiwa ukapige kamera, nenda. Inachukiza na inakwisha.

Majibu tulipewa Morogoro, kwa yule daktari binti.

"Ngano usile tena," akasema. "Na shayiri."

"Mpaka lini?"

"Basi, ndiyo hivyo. Maisha."

"Hata andazi la mke wangu?"

Akamtazama Zaituni. "Hasa hilo."

Nilicheka kidogo. Zaituni hakucheka. Tulipotoka nje alisema, "Kwa hiyo ni mimi." Nikamwambia si yeye, ni ngano. Akasema, "Ngano ilikuwa inatembea yenyewe mpaka kitandani?" Kesho yake alihamisha karai, unga na meza, vyote, kwenye uwanja wa rafiki yake nyuma ya nyumba ya tatu. Akirudi anaoga kwanza ndipo ananisalimia. Sikumwomba. Nilitakiwa kumwomba msamaha kwa hilo na nadhani nilifanya hivyo, ila si vizuri.

Sasa ya kujifunza kula upya. Watu wanadhani ukishaambiwa usile nini, unafurahia vilivyobaki. Mimi vilinichukiza vyote. Gimbi la kuchemsha likipoa lina utelezi, nilikuwa nalitazama kama kitu kilichookotwa mtoni. Bamia sikuweza hata kuikaribia. Nilizoea mchana kuagiza chipsi na soda nikiwa kwenye mashine, mguu mmoja kwenye pedeli, nakula huku nashona. Daktari alinikataza kula kwa haraka namna ile. Nikaanza kusimamisha cherehani, kunawa, kukaa kwenye kigoda nyuma ya kibanda na kutafuna kiazi kitamu kama mtoto anayeadhibiwa. Tulinunua sufuria yangu na mwiko wangu. Rehema akafunga kitambaa chekundu kwenye mpini, mtu asikosee. Asubuhi nikawa natembea mpaka mtoni na kurudi kabla ya kufungua kibanda, mwanzo kwa kujikokota, na mara nyingi kwa hasira. Hakuna siku niliyotembea kwa furaha hizo wiki za mwanzo. Nilitembea tu. Kama unangoja upende kwanza, hutaanza.

Na bado sikupona. Nafuu kidogo, kisha povu linarudi. Nikaanza kumshuku daktari, nikamshuku Zaituni kwamba hanawi vizuri. Huo haukuwa uungwana.

Zaituni ndiye aliyetazama juu ya kabati, kwenye ule unga wa lishe niliokuwa nimeurudia tangu Idi. "Hivi huu uji unaokunywa kila jioni," akasema, "una nini?"

"Una lishe."

"Lishe ni nafaka gani?"

Akapiga simu Kinole. "Shikamoo mama. Mama, ule unga wa Baba Rehema unachanganya nini na nini?" Nikasikia sauti ya mama mkubwa inahesabu kwa raha, ulezi, mahindi, mchele. "Na ngano, mwanangu, siku hizi nimeongeza, ndiyo inayoshika tumbo."

Nilimnyang'anya Zaituni simu. Tumbo lilikuwa limenisumbua mchana kutwa, nilikuwa na hasira na dunia nzima, na maneno yalitoka bila kupimwa. Nikasema, "Mama, usilete tena. Uji wako ndio unaoniua."

Akasema, "Haya," simu ikakatika.

Nilichosahau ni kwamba masikio yake si mazuri, simu yake huwa anaiweka sauti ya juu kabisa. Na siku ile alikuwa msibani, wanawake wamekaa duara wanamenya ndizi. Wote walisikia mtoto aliyelelewa na Mwanahawa akisema uji wa Mwanahawa unaua. Milimani neno kama hilo halichukuliwi kuwa habari ya nafaka. Linachukuliwa kuwa habari ya mkono uliopika.

Haukupita muda akapiga mjomba Kibwana, kaka yao mama na mama mkubwa, mkubwa wa ukoo wetu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umemwita mama yako mchawi."

"Mjomba, mimi nilikuwa nasema ngano."

"Hilo la ngano hatukulisikia. Sasa sikiliza. Binti wa jirani amejifungua juzi, wamekwenda kuomba uji nyumba nyingine. Wamepita mbele ya mlango wake na bakuli tupu. Yeye amekaa ndani, hatoki. Njoo ulimalize ulilolianzisha."

Zaituni alinichemshia viazi nibebe. "Usinywe kitu," akasema. "Waeleze. Ukinywa nitajua."

Nilipanda Kinole na kopo la viazi ndani ya begi, nalificha kama mwizi. Mvua ilikuwa imenyesha, njia inateleza, harufu ya karafuu na ya majani ya migomba yaliyooza. Mama mkubwa alikuwa barazani. Alikuwa amepungua. Nikamwamkia, akaitikia bila kuninyoshea mkono. Mjomba alikuwepo, na majirani wawili wanawake, mmoja nilikuwa namfahamu, Mama Asha, mwenye ulimi. Ndiye aliyeliona kopo.

"Ah, mgeni kaja na chakula chake," akasema. "Mjini kuna adabu."

Nikaeleza. Nilieleza vibaya, najua, nilirukaruka, nikaanza na kamera nikarudi kwenye Ramadhani. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho.

"Ngano," akasema. "Wanajeshi wanakula ngano. Wazungu wanakula ngano. Wewe tumbo lako limeshonwa na nani?"

Mama mkubwa akainuka, akaingia ndani. Akarudi na kikombe cha uji. Akasimama mbele yangu, akakiinua, akanywa funda moja, akafuta ukingo kwa kiganja, akaninyoshea. "Nimetoa uchawi," akasema. "Kunywa."

Usiyejua desturi hii nikueleze. Mwenyeji anaonja kinywaji mbele ya mgeni, ili mgeni aone hakina kitu. Ni heshima. Lakini unamfanyia mgeni. Humfanyii mtoto uliyemtafunia chakula ukamlisha. Uji ule wa rangi ya udongo ulikuwa unafanya utando juu. Nilijua kilichomo.

Wewe unayesoma, usinywe. Nasema kwa moyo wote. Hakuna mtu anayependwa kwa kuumwa. Lakini mimi nilitazama ule mkono, nikafikiria lile bakuli tupu lililopita mlangoni kwake, na nikanywa. Chote, na utando.

Mjomba akajipigapiga magotini kwa viganja. "Limekwisha," akasema. Wakaanza kuongea habari za mananasi.

Haikuchukua muda mrefu. Kwanza mate yalijaa, yale mate ya chumvi. Nikaaga kama ninaenda kujisaidia, nikazunguka nyuma, na kwenye migomba nikapiga magoti. Ilitoka juu na chini kwa pamoja. Uji ulirudi karibu kama ulivyoingia, bado una harufu ya mdalasini, na tangu siku ile mdalasini siuwezi. Nzi walifika kabla sijamaliza. Nilikuwa nimeshika mgomba kwa mikono miwili, suruali imeloa, natamani tu mtu yeyote asije.

Akaja yeye.

"Rudi, mama. Utachafuka."

"Nilikufuta hivi hivi ukiwa huna meno," akasema. Akanishika paji la uso, mkono wake wa baridi. Alingoja mpaka sikuwa na kitu cha kutoa ila nyongo. Kisha akainama, akatazama pale chini kwa makini, kama anavyotazama nafaka kwenye ungo. Alitazama kwa muda, wala hakukunja uso.

"Uji wangu huu," akasema. "Haukukaa."

"Ni ngano, mama."

"Nimesikia. Sasa nimeona."

Nilidhani atanipeleka ndani kimya kimya. Badala yake aliita. "Kibwana. Mama Asha. Njooni huku wote." Nilimsihi. Hakunisikia, au alijifanya. Wakaja, wakasimama wanatazama nilichotapika, mimi nikiwa katikati yake, Mama Asha kanga mdomoni.

"Huyu alijua," mama mkubwa akasema. "Alisema utamtapisha, akanywa kwa ajili ya jina langu. Sasa chungu kiko jikoni na kimebaki nusu. Mtasema mimi nilionja juu juu. Basi mimi nitakunywa bakuli zima. Anayeniona mchawi asinywe. Anayeona ugonjwa uko kwa mtoto wangu wala hauko chunguni, anywe."

Alikileta chungu pale pale, mbele ya uchafu ule. Akajaza bakuli, akanywa mpaka mwisho. Mjomba Kibwana alinitazama, akatazama uji, na sijawahi kumwona mtu mzima akikosa raha namna ile. Akanywa. Yule jirani wa pili akanywa kidogo. Mama Asha alishika kikombe muda mrefu.

"Basi sogezeni huyu kwanza," akasema. "Nitakunywaje naye yuko hivyo mbele yangu?"

"Kunywa hivyo hivyo," mama mkubwa akasema.

Akafumba macho, akanywa.

Kisha wakakaa barazani wanangojeana. Mimi niliogeshwa kwa maji ya moto nyuma ya ukuta wa majani, nikavalishwa kanga ya mama mkubwa, nikalazwa mkekani mlangoni. Niliwaona wakitazamana matumbo. Tumbo la mjomba liliwahi kulia mara moja, wote wakageuka. "Njaa," akasema. Hakuna aliyeinuka kwenda popote, mpaka jua likaenda nyuma ya mlima na ng'ambo kule watu wakaanza kuwasha mioto ya jikoni.

Asubuhi Mama Asha alikuja na bakuli. Alisema ametumwa, yule binti mzazi anaomba unga. Hakuomba msamaha, na mama mkubwa hakuutafuta. Alifungua debe, akaanza kupima.

"Wewe, kaa kule," akaniambia. "Usivute vumbi lake."

Nikaondoka na mkeka wangu mpaka chini ya ukingo wa paa la upande wa pili. Mama Asha alipoondoka, mama mkubwa akafukua ndizi kwenye majivu, bado iko na ganda lake, akaja nayo juu ya jani.

"Menya mwenyewe," akasema. "Mkono wangu una unga."

Nikaimenya. Akakaa mbele yangu na ndoo tupu miguuni, ananitazama mdomo. Ilikuwa na ladha ya majivu na nyongo ya jana, inanata kwenye meno, na kusema kweli ilinichukiza. Niliitafuna polepole kama daktari alivyosema. Tulikaa pale, yeye na ndoo yake, tukingoja kama itarudi.

Haikurudi. Akaenda kufukua nyingine.